Caspian ni wa Bei Gani? Kitabu, Televisheni na Filamu ya 2008

Mwaka 2008 familia ya watu watano nchini Marekani iliyokwenda sinema kutazama Prince Caspian ilitoa dola 35 na senti 90. Hiyo ni kwa bei ya wastani ya tiketi mwaka ule, dola 7.18, kabla bisi na soda hazijaingia kwenye hesabu. Kwa fedha hizo kila mmoja alipata dakika 150 za filamu, yaani chini kidogo ya dola tatu kwa saa. Si ghali. Lakini waliotoka ukumbini hawakutoka na kitu kimoja. Kijana wa miaka kumi na minne alitoka akisimulia pambano la shujaa Peter na adui yake Miraz pigo kwa pigo. Mama aliyekuja na mtoto wa miaka sita alitoka na mtoto aliyeficha uso begani mwake. Na yule aliyekisoma kitabu utotoni alitoka akiuliza lile busu la mwisho limetoka wapi.

Leo hakuna anayelazimika kupanga foleni. Hadithi hiyo ya C. S. Lewis inapatikana kwa sura tatu: kitabu chenyewe cha 1951, mfululizo wa televisheni wa BBC wa 1989, na filamu ya Andrew Adamson ya 2008. Zote zinabeba jina moja, na hapo ndipo mnunuzi anapoponzwa, maana kila moja imetengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine. Malalamiko na sifa za watazamaji wa 2008, ukizipembua vizuri, zinakuonyesha ipi inamfaa nani nyumbani kwako.

Filamu ndiyo iliyokula fedha nyingi na ndiyo iliyobishaniwa zaidi. Ile ya kwanza, ya simba, mchawi na kabati la nguo, ilitoka Desemba 2005. Iligharimu takribani dola milioni 180, ikaingiza kiasi cha dola milioni 745 duniani kote, ikapata na tuzo ya Oscar ya urembaji wa sura. Disney na Walden Media wakaona njia imefunguka, wakaongeza mkono: mwendelezo ukapewa dola milioni 225. Gawanya kwa dakika 150 utaona kila dakika ilikula dola milioni moja na nusu. Fedha zenyewe zinaonekana. Ngome ya Miraz ilijengwa katika studio za Barrandov mjini Prague, daraja la Beruna likasimamishwa juu ya mto Soča huko Slovenia, na ufuo ambako watoto wanne wa Pevensie (Peter, Susan, Edmund na Lucy) wanatokea uko New Zealand, alikozaliwa mwongozaji. Hata walioichukia filamu hawakusema imetengenezwa kwa ubahili.

Walichosema ni kwamba imegeuka filamu ya vita.

Kiini cha ugomvi ni uvamizi wa usiku. Katika filamu, Peter na Caspian wanagombea uongozi wa jeshi la Narnia, nchi ya kubuni ya Lewis, kisha wanakubaliana shingo upande kuivamia ngome ya Miraz, ami yake Caspian aliyenyakua kiti cha enzi. Mpango unaharibika. Lango linashuka, Peter anaponea chupuchupu na farasi wake, na wapiganaji waliobaki ndani wanaangamizwa huku wenzao wakiwatazama kutoka upande wa pili. Lewis hakuandika tukio hilo. Kitabuni watoto wale wanne hawakutani na Caspian mpaka hadithi iko ukingoni. Muda mwingi wanahangaika msituni na mbilikimo Trumpkin, wakibishana kama kweli Lucy amemwona simba Aslan au ameota.

Wasomaji wa kitabu walilia na uvamizi huo kuliko kitu kingine chochote. Mimi siungani nao. Kama filamu, hiyo ndiyo sehemu bora kabisa ya Prince Caspian: ina hofu, ina makosa ya kibinadamu, na inampa Peter mzigo wa kubeba hadi mwisho. Mvulana aliyewahi kuwa mfalme na sasa amerudishwa kuvaa sare ya shule lazima awe na kiburi cha kumponza. Kilichopotea ni kitu kingine, nacho hakizungumzwi sana. Kitabuni kuna usiku ambao Lucy anaamka, anapita katikati ya miti inayokaribia kuzinduka, anamkuta Aslan, na anaambiwa akawaamshe wakubwa zake wamfuate simba wasiyeweza kumwona. Wanakwenda gizani, kila mmoja akimwona kwa zamu yake, Edmund kwanza, Susan nyuma kabisa. Sehemu hiyo ndiyo roho ya kitabu. Filamu imeifupisha ikawa ndoto ya dakika chache, Lucy anaamka, na vita vinaendelea. Kwa hiyo anayenunua filamu akitarajia mafunzo ya imani ya filamu ya kwanza atapungukiwa, wala si kwa sababu ya panga zilizoongezwa.

Susan naye alizua maneno. Kwa Lewis, ambaye hakupenda kuwaona wanawake vitani, upinde wa Susan haufanyi kazi nyingi. Kwa Adamson, Susan aliyeigizwa na Anna Popplewell anasimama mstari wa mbele na kuangusha watu. Wasichana wengi walifurahi, na haki yao. Lakini studio haikuishia hapo, ikamtafutia mchumba: yeye na Caspian wanaangaliana filamu nzima, na mwishoni wanabusiana. Caspian wa kitabu ni mvulana mdogo. Ben Barnes aliyemwigiza alikuwa na miaka 26 filamu ilipotoka. Busu lile halisaidii hadithi hata chembe, na nimeshindwa kumpata shabiki wa rika lolote anayelitetea kwa dhati.

Mchawi Mweupe, yule wa filamu ya kwanza, ambaye kitabuni anatajwa tu na wanaotaka kumfufua, kwenye filamu anatokea ndani ya ukuta wa barafu kwa sura ya Tilda Swinton. Watoto wadogo humkumbuka huyo kuliko vita vyote. Panya shujaa Reepicheep, kwa sauti ya Eddie Izzard, alipendwa na kila upande, wanaoijua hadithi na wasioijua. Na Peter Dinklage kama Trumpkin ana uchovu na kejeli ambazo Lewis mwenyewe angezitambua.

Sasa suala la umri, ambalo kwa mzazi lina uzito kuliko senti. Filamu ilipewa daraja la PG Marekani na Uingereza, sawa na ile ya kwanza. Damu imefichwa kwa ustadi: upanga unainuliwa, kamera inageuka, mtu anaanguka. Ujanja huo uliwasaidia kibiashara, maana daraja la juu lingewapunguza watoto ukumbini, lakini mtoto hahesabu matone ya damu. Anahesabu walioanguka, nao ni wengi mno. Ushauri wangu kwa aliye na mtoto chini ya miaka tisa ni kuiacha filamu hii kwanza, hata kama ile ya kabati aliimaliza bila shida. Kwa miaka kumi na kuendelea, hasa wavulana wanaodhani hadithi za watoto zimewapita, ni ununuzi mzuri.

Watazamaji walitoa hukumu yao pia kwa miguu. Huko Marekani filamu ya kwanza iliingiza dola milioni 291.7, ya pili ilipata 141.6. Ukigawanya kwa bei za wastani za tiketi za miaka hiyo, 6.41 mwaka 2005 na 7.18 mwaka 2008, unapata takribani tiketi milioni 45 dhidi ya zisizofika milioni 20. Duniani kote ya pili ilikomea karibu milioni 420. Kwa filamu nyingine hizo zingekuwa fedha za sherehe, lakini kumbi za sinema huchukua karibu nusu ya kila tiketi, na bado hujalipia matangazo. Desemba 2008 Disney ikajitoa kwenye filamu za Narnia.

Je, filamu ilikuwa mbaya kiasi hicho? Hapana. CinemaScore, kampuni inayowahoji watazamaji mlangoni usiku wa kwanza, iliipa filamu ya kwanza A+ na ya pili A-. Anayetoka na A- hajaibiwa. Nadhani kosa lilikuwa la kalenda. Filamu ya kwanza ilitolewa Desemba, ikawa matembezi ya Krismasi ya bibi, wajukuu na wanakwaya. Ya pili ilitolewa tarehe 16 Mei, wiki mbili baada ya Iron Man na siku sita kabla ya Indiana Jones, msimu ambao familia ina mahali pengi pa kupeleka dola 35 zake. Bibi hakuambiwa aje, na kijana aliyelengwa alikuwa ameshatumia hela yake kwingine.

Haya, kitabu. Kina sura 15 na picha za Pauline Baynes, aliyefariki Agosti 2008, chini ya miezi mitatu baada ya filamu kutoka. Mtu mzima anakimaliza jioni mbili. Ukimsomea mtoto sura moja kila usiku, unapata wiki mbili za kulala kwa amani, na hapo hakuna filamu inayoweza kushindana kwa bei ya saa moja. Udhaifu wake niuseme wazi, kwa sababu wapenzi wa Lewis hawausemi: umbo lake limelemaa. Watoto wanawasili, wanamwokoa Trumpkin, kisha hadithi inasimama kwa sura nne nzima mbilikimo akisimulia maisha ya Caspian. Mtoto anayesubiri simba hupoteza subira. Adamson aliliona hilo, akaanza filamu na kuzaliwa kwa mtoto wa Miraz na Caspian akitoroka usiku ule ule. Hapo alimshinda mwandishi.

Kwa nyumba inayoongea Kiswahili kitabu kina faida nyingine. Kiingereza cha filamu kinakwenda mbio, tena Watelmari, yaani watu wa Miraz, wamepewa lafudhi ya Kihispania na Kiitaliano juu yake. Anayesoma kwa sauti anaweza kusimama, akatafsiri, akaruka sehemu ya mawaziri wanaobishana, akampa Reepicheep sauti ya mzee wa Kimvita akipenda. Vitabu vya Narnia ni vya kawaida kwenye mitumba ya vitabu, vile vinavyotandazwa kando ya barabara Nairobi na Dar es Salaam, na nakala iliyochakaa inasomeka sawa na mpya.

Kuna jambo la kisheria ambalo wengi hawalifahamu. Sheria za hakimiliki za Kenya na Tanzania Bara hulinda maandishi kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Lewis alifariki tarehe 22 Novemba 1963, siku aliyouawa Rais Kennedy. Ulinzi wa maneno yake katika nchi hizo uliisha pamoja na mwaka 2013. Kanada hali ni hiyo hiyo: walipoongeza muda kufikia miaka 70 mwishoni mwa 2022, hawakufufua haki zilizokwisha kufa. Uingereza kitabu kinalindwa mpaka mwisho wa 2033, na Marekani mpaka mwisho wa 2046. Maana yake ni kwamba Mtanzania aliyeko Toronto anaweza kupakua maandishi ya Lewis kihalali bila kulipa, wakati dada yake aliyeko Minneapolis hawezi. Na mchapishaji wa Nairobi anayetaka kukitoa kwa Kiswahili hana wa kumwomba ruhusa ya maneno, ingawa picha za Baynes bado zina wenyewe.

Kwa asiyekuwa na muda wa kusoma kuna toleo la kusikiliza lililosomwa na mwigizaji Lynn Redgrave, chini ya saa tano. Ni zuri kwa safari ya gari, na watoto wa nyuma hunyamaza.

BBC sitaikalia sana. Mwishoni mwa 1989 walirusha vipindi sita vilivyounganisha Prince Caspian na kitabu kinachofuata, na Caspian alipewa viwili tu, karibu saa moja. Mandhari ni ya maigizo ya shule yenye fedha kidogo, Aslan ni mwanasesere mkubwa wa manyoya, na Reepicheep ni mtu ndani ya vazi la panya. Mtu mwenyewe ni Warwick Davis, ambaye miaka 19 baadaye alirudi kwenye filamu kama Nikabrik, mbilikimo mwenye kinyongo. Kijana atacheka. Mtoto wa miaka sita hatacheka, kwa sababu hajui kwamba panya wa kidijitali ni ghali zaidi. Ataona panya anayeongea, na hakuna atakayekatwa kichwa mbele yake. Kwa umri huo ndiyo chaguo langu, baada ya kusomewa.

Inabaki namna ya kulipia filamu leo, na hapa mambo yamegeuka kwa hasara ya mnunuzi. Mwaka 2008 Mmarekani aliyekosa sinema angeweza kukodi DVD kwenye mashine za Redbox kwa dola moja kwa usiku, au kujiunga na Netflix ya posta kwa dola 8.99 kwa mwezi, diski moja moja bila kikomo. Netflix ilifunga posta yake Septemba 2023, na Redbox ikafilisika mwaka 2024. Waliobaki ni wa mtandaoni. Disney+ ilianza Novemba 2019 kwa dola 6.99 kwa mwezi. Kufikia Oktoba 2024 kifurushi kisicho na matangazo kilikuwa dola 15.99. Mwezi mmoja kwa ajili ya Caspian peke yake unazidi tiketi mbili za 2008, na filamu huingia na kutoka kwenye huduma hizi bila kuaga, kwa hiyo hakikisha ipo kabla ya kulipa. Kwa walio Amerika Kaskazini jibu la busara ni maktaba ya umma ya mtaa: wana DVD, wanaazima bure, na wasipokuwa nayo huiagiza kutoka tawi jingine.

Kwa aliye Mombasa au Mwanza gharama kubwa ni bando. Kwa picha ya kawaida hesabu GB moja kwa saa, kwa picha kali GB tatu. Filamu ya saa mbili na nusu itakula kati ya GB mbili na nusu na saba na nusu. Piga kwa bei ya bando yako mwenyewe uone kama DVD ya mkono wa pili haijashinda. Usiku wa vita ngomeni umepigwa picha katika giza zito, na kwenye simu ndogo utaona vivuli vikikimbizana. Filamu hii inadai televisheni, na taa zizimwe.

Mwisho kuna seti za filamu tatu, zinazovutia kwa bei. Ya tatu, The Voyage of the Dawn Treader, ilitolewa Desemba 2010 na Fox baada ya Disney kujitoa, ikiongozwa na Michael Apted. Ina dakika 113, imerudi kwa watoto, na watazamaji waliochoshwa na giza la Caspian waliipokea kwa nafuu, ingawa mapato ya Marekani yalishuka tena hadi dola milioni 104. Peter na Susan karibu hawamo. Kama nyumbani kuna watoto wa umri tofauti, seti inafaa: wadogo waruke diski ya katikati. Ila ujue inakomea hapo. Kitabu kinachofuata, The Silver Chair, ambamo Caspian ni mzee aliyepotelewa na mwanawe, hakikufanyiwa filamu kamwe. Kuna toleo la BBC tu, la 1990, likiwa na Tom Baker kama Puddleglum. Netflix walipata haki za Narnia mwaka 2018, na Greta Gerwig ameamua kuanza na The Magician's Nephew, hadithi inayotangulia zote. Anayemsubiri Caspian mpya atasubiri sana, na DVD ya 2008 haitapanda bei kwa ajili hiyo.